Mafuriko, Tingatinga na Ahadi za Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika ya 2024 yaliondoka na karibu watu 300 nchini Kenya, na wengine zaidi ya 250,000 wakahama makwao. Kisha, kabla matope hayajakauka, waliosalia kando ya mito ya Nairobi wakaletewa tingatinga. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo watu wa Mathare, Mukuru na mitaa mingine wameyauliza tangu wakati huo, kwenye baraza za chifu, kanisani, na mara nyingi tukiwa tumesimama tu juu ya vifusi. Nimeyajibu kwa Kiswahili cha kila siku. Sheria inayoamua utalala wapi leo usiku haifai kukufikia kwa lugha ya mawakili peke yake.

Ni nini hasa kilichotokea?

Mvua zilianza Machi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Mto Mathare ulivunja kingo zake na kuingia vyumbani watu wakiwa wamelala. Siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 29, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani upande wa Kijabe yalipasua njia na kukifagia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 50 walikufa huko. Garissa mashua ilizama na abiria. Tana River kipindupindu kikaingia.

Mapema Mei, Wizara ya Usalama wa Ndani iliwapa watu wanaoishi karibu na mabwawa 178 makataa ya saa 24 kuhama. Nairobi, agizo lilikuwa kwamba yeyote aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke, na tingatinga zikafuata nyuma ya agizo hilo. Tarehe 6 Mei Rais William Ruto alifika Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa, ipate kujitafutia pa kuishi. Tarehe 10 Mei ikatangazwa sikukuu ya kitaifa ya kuwaomboleza waliokufa na kupanda miti.

Lakini serikali si ilikuwa inaokoa maisha? Mto ungewaua hao watu.

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na anayeliuliza si adui. Mimi mwenyewe nimeuona mto ule usiku. Haubishaniwi.

Kwa hiyo nianze na tunapokubaliana. Maji yakipanda, serikali ina wajibu wa kumtoa mtu, hata kama hataki, hata kwa kumbeba. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa Ndani, za mwaka 1998, zinasema waziwazi kwamba kuwahamisha watu wakati wa janga kunaruhusiwa pale usalama na afya yao vinapodai hivyo. Hakuna mtetezi wa haki anayetaka mtoto abaki kitandani maji yakiingia.

Tatizo ni kinachofuata. Kumtoa mtu ndani ya nyumba ni jambo moja. Kuibomoa nyumba yake nyuma yake ni jambo la pili, lenye masharti yake. Na la tatu ni kumwachia mvua bila pa kwenda. Serikali ilifanya yote matatu kwa pumzi moja, kisha ikayaita kwa jina la lile la kwanza.

Hatari ndipo wajibu wa serikali unapoanzia. Ukimwambia mama, "Hapa ni hatari, toka," sentensi hiyo haijaisha. Inabaki sehemu ya pili: aende wapi? Kanuni ya 7 ya zile Kanuni Elekezi inataka mamlaka zihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba anayehamishwa anapata makao yanayofaa, kwamba usalama, lishe, afya na usafi vinazingatiwa, na kwamba familia hazitenganishwi. Mtu aliyetolewa kando ya mto akaenda kulala chini ya paa la duka lililofungwa bado yuko hatarini, tena sasa ni kwa mkono wa serikali.

Nilikaa na mama mmoja siku ya tatu baada ya bomoabomoa. Alikuwa amezitandaza karatasi zake juu ya bati ili zikauke: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, ripoti ya shule, picha ya harusi iliyogeuka rangi. Kila upepo ulipovuma alikuwa akiweka jiwe dogo juu ya karatasi moja na kuliondoa kwenye nyingine, kwa sababu mawe hayakutosha. Aliniambia maji yalimwachia karatasi hizo. Aliziokoa ndani ya sufuria kichwani. Tingatinga ndilo lililomzikia kitanda, jiko na cherehani aliyokuwa akiitegemea. "Mto ulinipa dakika," alisema. "Wale hawakunipa."

Kenya iliahidi nini hasa, na ilimwahidi nani?

Iliahidi mara nyingi, mbele ya wengi.

Tarehe 1 Mei 1972 iliingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao kifungu chake cha 11 kinatambua haki ya kila mtu ya kuishi maisha ya kiwango kinachofaa, pamoja na chakula, mavazi na nyumba. Kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa mwaka 1997 Maoni ya Jumla Namba 7, yanayohusu kufurushwa kwa nguvu peke yake. Humo kuna sentensi ambayo ningependa kila askari wa kaunti aijue kwa moyo: ufurushaji haupaswi kumwacha mtu bila makao.

Mwaka 1992 Kenya ikajiunga na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Halafu kuna Mapatano ya Maziwa Makuu ya 2006, yaliyoleta itifaki ya kuwalinda wakimbizi wa ndani. Sheria yetu ya nyumbani nayo haikuja kwa bahati. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 600,000 waling'olewa makwao, na nchi ikajifunza kwa uchungu maana ya kulala kwenye hema uwanja wa maonyesho. Kutokana na hayo Bunge lilitunga mwaka 2012 sheria ya kuzuia watu kuhamishwa na ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani.

Ahadi hizi kwenye karatasi zinafanywa kati ya nchi na nchi. Anayedai ni wewe.

Mikataba ya huko nje ina nguvu gani hapa kwetu?

Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa, na kiwango cha usafi kinachofaa. Kwa hiyo ukiutaja ule mkataba wa 1972 mbele ya hakimu, hutoi kitu cha kigeni mfukoni.

Kesi ya kuijua ni ya Mitu-Bell. Watu wa kijiji cha Mitumba, jirani na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walipewa mwaka 2011 notisi ya siku saba kupitia gazeti. Walienda kortini wakapata amri ya kusimamisha. Novemba mwaka huo wakabomolewa hata hivyo. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikawanyang'anya 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho: miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu ufurushaji si sheria yenyewe, ila majaji wanaweza kuitumia kuifafanua haki ya makao, na watu walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma wana haki ya makao inayostahili kulindwa, hata kama hawana hati.

Karibu miaka kumi. Kuna watoto waliokuwa chekechea siku ya kubomolewa, ambao walikuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi siku ya hukumu. Nasema hivyo ili ujue bei iliyolipiwa sentensi hizo. Serikali iliyobomoa mwaka 2024 haikuweza kusema haijui. Ilikuwa imeshaambiwa na mahakama ya juu kabisa nchini.

Mimi ni mpangaji. Nyumba ni ya landilodi, ardhi ni ya serikali. Nina haki gani?

Haki ya makao haifuati hati ya ardhi. Inamfuata mtu. Mpangaji wa chumba cha mabati ana haki ya kupewa ilani, kutoa vitu vyake, kutoumizwa, na kutoachwa nje. Landilodi naye ana madai yake kuhusu jengo. Hayo ni yake. Usikubali mtu akwambie kwamba malalamiko yote ni ya mwenye nyumba.

Notisi ya saa 24 ni halali?

Kuhama kwa muda maji yakiwa njiani: ndiyo, hata saa moja inatosha. Kubomoa: hapana.

Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kumfurusha anayekaa kwenye ardhi bila kibali. Ikiwa ni ardhi ya umma, ilani itangazwe kwenye Gazeti Rasmi, kwenye gazeti la kitaifa, na redioni kwa lugha ya wenyeji pale inapofaa. Aliyepewa ilani anaweza kwenda kortini kuipinga.

Kisha kuna kifungu 152G, ambacho ni kifupi na kila mtu anapaswa kukisoma. Wanaokuja kubomoa wajitambulishe. Waonyeshe kibali rasmi. Utu, uhai na usalama wa watu viheshimiwe. Wanawake, watoto, wazee na walemavu wawekewe mipango yao mahususi. Mali iliyoachwa bila kupenda ilindwe. Nguvu isizidi inayohitajika. Na la mwisho, ambalo wengi hawalijui: mwenyewe apewe nafasi ya kwanza ya kujibomolea na kuokoa vitu vyake.

Fikiria kilivyo kidogo hicho cha mwisho. Bati, mbao, mlango wenye kufuli, dirisha la chuma. Kwa mtu wa Mathare huo ndio mtaji wa kuanzia upya. Mtu akipewa asubuhi moja na nyundo, ataondoka na nyumba yake mgongoni. Tingatinga likipita kwanza, anaondoka na chuma chakavu cha kuuza kwa kilo.

Si kulikuwa na hali ya dharura?

Haikutangazwa. Kifungu cha 58 cha Katiba kina utaratibu wake wa kutangaza hali ya hatari, na haukutumika. Hata ungetumika, usingefuta haki ya makao wala kuhalalisha ukatili. Maneno "ni dharura" yaliyosemwa kwenye mkutano wa hadhara hayasimamishi sheria yoyote.

Je, serikali ilionywa mapema?

Ilionywa, na hapa ndipo kosa la kwanza lilipo, miezi kabla ya tingatinga. Mwaka 2023 wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakizungumzia El Niño kwa muda mrefu. Oktoba, Rais akasema hadharani kwamba El Niño haitakuja tena, itakuwa mvua kubwa tu. Mafuriko ya Oktoba hadi Desemba yakaua zaidi ya watu 100. Kwa hiyo masika ya 2024 yalipofika, yalikuta udongo umeshiba maji na mitaro imeziba tangu msimu uliotangulia. Mtu yeyote anayeishi chini ya daraja angekuambia kinachokuja.

Kujiandaa ni sehemu ya haki ya uhai. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2018 kwamba nchi zinapaswa kuwa na mipango ya kukabiliana na majanga yanayoweza kuua watu. Na kuna kesi ya mbali yenye somo la karibu: Julai 2000, mji wa Tyrnauz huko Urusi ulifunikwa na maporomoko ya tope. Wakuu walikuwa wameonywa na wataalamu, na kuta za kuzuia tope zilikuwa zimebomoka bila kutengenezwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Urusi ilivunja haki ya uhai. Uamuzi huo haubani Kenya, ila hoja yake inasafiri vizuri: mvua ni ya Mungu, lakini kupuuza onyo ni kwa binadamu.

Shilingi 10,000 zilitosha? Waliozipata wanaweza kudai zaidi?

Zilikuwa msaada. Fidia ni kitu kingine. Fidia hupimwa kwa hasara: kitanda, jiko, bidhaa za kibanda, siku za kazi zilizopotea, matibabu. Hakuna aliyekuja na daftari kupima hasara ya nyumba moja moja. Pesa ya sare kwa kila familia inamfanya mjane mwenye watoto sita na kijana anayeishi peke yake walingane, na huwa inawaruka walio na hasara lakini hawako kwenye orodha. Nyumba moja inaweza kuwa na familia tatu. Iliyoandikwa ni moja. Aliyekuwa hospitalini siku ya kuandikisha hakuandikwa.

Kuzipokea hakukuondolei haki ya kudai. Kama ulitia sahihi karatasi yoyote, tafuta nakala, umpe mtu wa msaada wa kisheria aisome.

Serikali inasema haina pesa. Itatoa wapi?

Huenda kweli hazitoshi. Mkataba wa 1972 wenyewe unakubali kwamba haki hizi hutimizwa hatua kwa hatua, kwa kadiri ya juu kabisa ya rasilimali zilizopo. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 20(5), imeweka mzigo wa ushahidi begani kwa serikali: ikidai haina rasilimali, ni juu yake kuonyesha. Tena mtu aliye katika mazingira magumu anatangulia kwenye mgao. Na mambo mengi tuliyoyataja hayahitaji bajeti. Kujitambulisha ni bure. Kumpa mtu asubuhi moja atoe vitu vyake ni bure. Kutobomoa usiku, mvua ikinyesha, ni bure. Kama tingatinga lilipata dizeli, basi pesa ya kazi hiyo ilipatikana.

Je, mimi ni "mkimbizi wa ndani"? Nilidhani hao ni wa vita.

Ni wewe. Sheria ya 2012 inamtambua mtu aliyelazimika kuondoka kwake kwa sababu ya vita, ghasia, miradi mikubwa ya maendeleo, ukiukaji wa haki, au janga, liwe la asili au la kusababishwa na watu, bila kuvuka mpaka wa nchi. Haisemi lazima uwe kwenye kambi. Uliyehamia kwa dada yako Kayole na kulala watu tisa kwenye chumba kimoja bado umo. Neno hili linawachoma wengi, kwa sababu tangu 2008 tumelizoea kama jina la watu wa mahema, na nimesikia wazee wakilikataa kwa hasira. Nawaelewa. Hata hivyo ndilo mlango wa kuingilia kwenye ulinzi wa sheria, na ningeomba tulitumie.

Kwa nini huwa ni maskini tu? Matajiri nao wamejenga mtoni.

Tuseme ukweli wote. Mwaka 2018 majengo makubwa ya biashara Nairobi yalibomolewa pia kwa kuwa kwenye ukingo wa mto, na moja lilikuwa Westlands. Tofauti iko kwenye kinachobaki. Mwenye jengo la biashara anapoteza jengo, anarudi nyumbani kumpigia wakili wake simu. Mtu wa Mathare anapoteza palepale alipokuwa alale. Haki ya makao iliandikwa kwa ajili ya huyu wa pili.

Halafu kuna hiyo mita 30. Kanuni zetu za maji zimekuwa zikitaja ukingo wa kuanzia mita 6 hadi 30, kutegemea mto wenyewe. Mtu aliyejenga mita 20 kutoka majini hakuwa lazima mvunja sheria. Mstari uliochorwa wakati wa hofu, bila kipimo kilichoonyeshwa kwa wenyeji, ni mstari unaoweza kuhojiwa.

Tumlaumu nani: kaunti au serikali kuu?

Jedwali la Nne la Katiba limewapa wote wawili kazi ya kushughulikia majanga, na ndiyo maana kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. Ukiandika barua, iandikie zote mbili. Kwa sheria ya kimataifa ugomvi wao haukuhusu: dola ni moja.

Tunaweza kushtaki wapi?

Nyumbani kwanza. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa ajili yake, kwa niaba ya mwingine, au kwa niaba ya kundi. Kufungua kesi ya haki za kimsingi hakulipiwi ada, na mahakama inaweza kupokea hata barua ya kawaida iliyoandikwa kwa mkono. Kuna Mahakama Kuu, na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama huna wakili, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, hupokea malalamiko bila malipo. Kama polisi walipiga au kuua mtu wakati wa ubomoaji, peleka kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.

Njia ya Umoja wa Mataifa ni nyembamba. Kenya haijaingia katika itifaki zinazomruhusu mtu mmoja mmoja kuishtaki mbele ya kamati za Geneva, kwa hiyo kinachowezekana ni kupeleka taarifa zitumike nchi inapokaguliwa. Si kazi bure: ufurushaji wa nguvu ulizungumziwa Kenya ilipokaguliwa 2008, na tena 2016.

Upande wa Afrika kuna mlango. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini Mkenya hawezi kuiendea moja kwa moja kwa sababu nchi yake haikutoa tamko la kuruhusu hilo. (Tanzania, mwenyeji wake, ililitoa, kisha ikaliondoa mwaka 2019, jambo lililonisikitisha sana.) Njia ni kupitia Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia. Waendorois waliotolewa kando ya Ziwa Bogoria walishinda huko mwaka 2010. Kesi ya Waogiek wa Mau ilitoka Banjul ikafika Arusha, wakashinda 2017, na Juni 2022 Kenya ikaamriwa kuwalipa fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Jamii zote mbili zimeendelea kudai utekelezaji baada ya ushindi. Mwanasheria akikuahidi kwamba hukumu ndiyo mwisho wa safari, mwulize kuhusu Mau.

Majirani wetu wanafanyaje?

Wana mema na mabaya yao. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, serikali ya Tanzania iliwapa watu wa Bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande. Kulikuwa na mahali pa kwenda, na hilo ni kubwa. Lakini Mabwepande ni mbali na mjini walikopatia riziki, na wapo waliorudi bondeni. Maoni ya Jumla Namba 4, ya 1991, yanahesabu ukaribu na kazi, shule na zahanati kama sehemu ya "makao yanayofaa". Kiwanja kisichofikika kwa nauli ya kibarua hakijatimiza haki hiyo.

Nianzie wapi leo?

Anza na orodha. Chukua daftari, ninyi wa ploti moja mkae pamoja, mwandike kila jina, nambari ya chumba, walioishi humo, vitu vilivyopotea na bei yake ya kukadiria. Kila mtu atie sahihi. Mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi naye atie. Orodha iliyoandikwa mapema, hata kwa penseli, ina uzito kuliko kumbukumbu ya miaka mitano baadaye.

Picha na video ulizo nazo kwenye simu zitume kwa watu wengine wawili, usizihariri. Mpesa uliyomlipia landilodi kodi ni ushahidi kwamba uliishi pale; omba taarifa ya miamala yako. Kadi ya kliniki yenye jina la kijiji pia ni ushahidi. Kama uliumia, hifadhi karatasi ya hospitali, na upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kituo cha polisi.

Kitambulisho kilichosombwa kina kanuni yake. Kanuni Elekezi namba 20 inazitaka mamlaka ziwape waliohama hati mpya bila masharti yasiyo ya busara, na kumrudisha mtu mahali alikokuwa akiishi ili tu apate karatasi ni mfano unaotajwa humo humo. Ukitumwa hivyo, omba jibu hilo kwa maandishi.

Kisha andikeni barua ya kuomba taarifa, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita kimya, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Barua inaweza kuwa fupi hivi:

"Sisi wakazi tuliotia sahihi hapa chini tulibomolewa nyumba zetu mwezi Mei 2024. Tunaomba nakala ya: agizo lililoidhinisha ubomoaji huo na jina la ofisa aliyelitia sahihi, ilani iliyotolewa na tarehe yake, ramani ya kipimo cha ukingo wa mto kilichotumika, orodha ya familia zilizolipwa shilingi 10,000, na mpango wa makao ya waliohamishwa."

Ipelekeni wawili, msiende mmoja. Ombeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na tarehe isomeke vizuri, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.